Kasoro Yenye Thamani

Ferdinand Zach alifungua skrubu ya mwisho, akaivua maikrofoni kofia yake ya waya, kisha akainusa kama mtu anusavyo maziwa asiyoyaamini.

"Hiyo ni maikrofoni, Bwana Mhandisi, au ni mgonjwa?" aliuliza Burgi, aliyelibeba sanduku la maikrofoni hiyo kutoka kituo cha tramu.

Zach hakuwa mhandisi; alikuwa mthamini wa maikrofoni za kale. Lakini Vienna ilimwita hivyo, naye alikuwa ameacha zamani kuikataa heshima isiyomgharimu kitu.

Dada yake Burgi, Bibi Henriette Kolb, alimtupia Burgi jicho la kumnyamazisha. Henriette ndiye aliyekuwa na jina. Santuri yake moja ilivuma redioni majira yote ya baridi ya mwaka 1958, na uso wake kwenye jalada ulikuwa bado ukijulikana. Baada ya hapo hakuimba tena. Studio ilipofungwa alipewa maikrofoni hiyo iwe kumbukumbu. Sasa Burgi, aliyemsindikiza studio siku zile amshikie koti, alikuwa akipoteza macho, na Henriette alitaka iuzwe, fedha yote iwe ya mdogo wake. Aliyasema hayo akilitazama zulia.

Zach alikagua. Valvu, ile taa ndogo ya kioo iliyo ndani, ilikuwa ya asili. Utando wa dhahabu unaonasa sauti haukuwa umesafishwa kamwe, jambo la kheri, kwani wenye bidii ya usafi wameua maikrofoni nyingi kuliko vita. Kwa aina yake, ilikuwa na thamani ya gari lililotumika. Ile iliyoinasa santuri ya Kolb ilikuwa na thamani ya nyumba.

Tofauti ilikuwa mluzi. Kila palipotokea herufi s katika wimbo ule, ulisikika mluzi mwembamba, kama wa birika lililo chumba cha pili. Wakusanyaji wa santuri walikuwa wamekubaliana kwamba utando wa maikrofoni ile ulikuwa na kasoro, na Zach mwenyewe alikuwa ameandika makala ndefu kuithibitisha.

Kwa hiyo alimwomba Henriette aimbe ubeti mmoja. Henriette aliiva uso. Koo lake limekauka, alisema; je, namba iliyochongwa ubavuni haitoshi? Zach alijibu kwa upole kwamba namba huchongwa na yeyote mwenye nyundo.

"Mwimbie, Jetti," Burgi alimwambia dada yake. "Hatafuti sauti huyu. Anatafuta ugonjwa."

Henriette aliimba. Zach aliisimamisha maikrofoni mezani kwenye mguu wake, akaiwasha, akavaa visikizi vya masikioni, akafumba macho kama kazi ilivyomfundisha: usimsikilize mtu, sikiliza chombo. Mluzi haukuja. Alimwomba arudie. Kila s ilitoka safi kama sahani iliyooshwa.

Alivua visikizi. Aibu ilimpanda, kana kwamba yeye ndiye aliyekamatwa. Bibi wa umri ule huambiwaje kwamba ametunza maisha yake yote kitu kisicho chenyewe? Alisema ni maikrofoni nzuri, lakini siyo ile. Alitazamia ubishi. Henriette aliinamisha kichwa, akamshukuru upesi mno, akaanza kutafuta glavu zake.

Burgi hakuinuka. Aliipapasa meza hadi akaupata mguu wa maikrofoni, akaivuta karibu na mdomo wake.

"Burgi, nakuomba," alisema Henriette.

Zach, kwa kukosa pa kuyaweka macho yake, alirudisha visikizi masikioni ili aonekane ana shughuli.

"Sikiliza, Bwana Mhandisi," alisema Burgi. "Sisi si wezi."

Na kila s ilimfikia Zach ikiwa na mluzi ule ule wa santuri, ukitoka mdomoni mwa Burgi.