Taa Iliyobandikwa Plasta

Zilikuwa video sita, na zote zilionyesha miguu.

"Peleka mbele," Sikudhani alisema.

"Shoga, nimeshapeleka hadi mwisho." Zamda alikuwa amehitimu warsha ya filamu iliyotangulia, na sasa ndiye aliyewaelekeza wanafunzi wapya kama Sikudhani.

Mama yake Sikudhani alizikwa Alhamisi. Wiki moja kabla alikubali kusema mahali alipomzika mtoto wake wa kwanza mwaka wa njaa, lakini kumwambia binti yake uso kwa uso hakuweza. Ataiambia kamera, alisema, Sikudhani atoke nje. Ile taa nyekundu inayowaka kamera ikirekodi nayo ilimwogopesha, kwa hiyo Zamda akashauri waibandike plasta, kama walivyofanya kwa wazee wengine.

Kwa sababu ya plasta, Sikudhani hakujua kwamba mwanzoni kabisa alibonyeza kitufe cha kurekodi mara mbili, akawasha na kuzima papo hapo. Tangu hapo kila alipodhani anawasha alikuwa anazima, na alipodhani anazima alikuwa anawasha. Mama aliposimulia, kamera ililala. Mama alipomwita aizime ili apumzike, kamera ikaanza kurekodi sakafu ya udongo, ikining'inia mkononi mwa Sikudhani.

"Mimi ndiye niliyesema plasta," Zamda alinong'ona.

Sikudhani aliirudisha video ya mwisho.

"Nimeshasema yote, mwanangu," sauti ya mama ilisikika. "Usije ukaniuliza tena."

"Siulizi, mama."

Kwenye vumbi, kidole gumba cha mguu wa mama kilichora mstari kama njia, kikakata kona, kikazungusha duara dogo. Halafu unyayo ukaufuta mchoro wote.