Mamba Mweupe Mlangoni

Meli ya watalii ilipokata kona ya mto Mekong, Phirun, mwongoza wageni, alimwona mamba mweupe wa kitambaa akining'inia mlangoni kwa mama yake.

Kila safari mama husimama kwenye ngazi ya kushukia mtoni akimpungia, na nahodha humtania, "Mdogo wangu, nyumbani wanadhani meli ni yako." Leo ngazi ilikuwa tupu. Nahodha akazima redio.

"Kinapendeza kile kitambaa!" mtalii mmoja alisema, kamera juu. "Kuna sherehe?"

Phirun hakukosa mzaha hata siku moja. Leo alishika kipaza sauti, akautazama tena mlango. Mkia wa mamba ulikuwa umeshonwa kombokombo, kwa uzi mweusi. Dada yake hakuwahi kujua kushona. Nguo zote za nyumba ile zilishonwa na mama.

"Hapana, bibi," alisema. "Kwetu mamba huyo hutundikwa penye msiba; nyeupe ndiyo rangi yetu ya kuomboleza."

Kamera zikashuka.

"Kaka," akamnong'oneza nahodha, "najua hapa hatusimami. Wageni wanasubiri hekalu."

"Hekalu lina miguu? Litakimbilia wapi?" Nahodha alishageuza usukani kuelekea ngazi. "Nenda kavae shati jeupe."