Mholanzi Aanguka Mara Tatu

"Moja!" Vinzenz Gstrein alihesabu kwa sauti, akiwa amemsimamia mchumba wa binti yake.

Jelle alikuwa amelala kifudifudi, amekingama njia nzima, skii moja, ule ubao wa kutelezea theluji, imemchomoka mguuni. Koti lake la rangi ya chungwa lilijaa theluji hadi shingoni.

"Samahani, Mzee. Nimeteleza."

"Hapa wote tunateleza, bwana. Wewe umeanguka. Na hii ni kona ya kwanza tu, hata watoto wa chekechea wanaipita wakiimba!"

Masharti yalikuwa yamewekwa asubuhi, mbele yetu sote wa kijiji cha Hinterau. Vinzenz ana hoteli ya vyumba vinane, na kwa miaka arobaini amekuwa kiongozi wa watalii: majira ya baridi kwa skii, kiangazi kwa baiskeli. Binti yake Burgl amepika katika jiko la hoteli hiyo tangu ana miaka kumi na sita. Pasaka hii baba yake alikuwa amwandikishe hoteli, iwe yake. Ndipo Burgl akamleta Jelle, mtu wa nchi ambayo kilima chake kikubwa ni daraja.

"Atashuka nami njia nyeusi, ile ngumu kuliko zote, kutoka juu hadi mlangoni," Vinzenz alimwambia binti yake. "Akianguka mara tatu na bado ukamtaka, sitii saini. Hoteli nampa binamu yako wa Innsbruck."

Hatukumwonea huruma. Waholanzi tunawajua. Februari wanakuja na magari yamejaa viazi vyao na jibini yao, wanaagiza kikombe kimoja cha kahawa na kuota jua kwa saa nne. Kiangazi wanarudi na baiskeli, wanapanda hadi kona ya pili, wanapiga picha, wanashuka. Halafu huyu naye anataka kuoa kwetu! Hata koti lile Vinzenz ndiye aliyemchagulia, akasema, "Vaa hili, maiti yako ionekane kwa mbali." Na akamwamuru atangulie, ili asikose kituko hata kimoja.

Kwenye kanisa dogo njia inakata kushoto ghafla, na upepo wa wiki iliyopita ulikuwa umeng'oa wavu wa usalama wa upande wa kulia. Jelle alikuwa ameshapita. Akageuka kutazama nyuma. Mara akaanza kupanda kwa nguvu, mikono hewani, akipiga kelele kama aliyeumwa na nyuki, akajitupa kwenye miguu ya mzee. Wakaanguka wote wawili.

"Mbili!" Vinzenz alinguruma, akitema theluji. "Yangu haihesabiwi, nimeangushwa! Miaka arobaini nafundisha watu, sijapata kuona mtu anaanguka akipanda mlima. Hivi kwenu mnafundishwa na nani?"

"Tupumzike kidogo, Mzee. Au tupande viti vya kebo vitushushe."

"Viti vya kebo! Umebakiwa na moja, unaanza kutafuta upenyo. Tangulia!"

Juu ya Korongo la Kinu Jelle alisimama. Paa la hoteli lilikuwa linaonekana chini, na moshi wa jiko la Burgl. Kutoka pale ni mteremko wa dakika mbili. Vinzenz alikuwa anakuja kasi, kifua mbele, kama alivyoshuka enzi zake za mashindano. Jelle akalitazama paa, akamtazama mzee, akajiachia chini mbele yake kama gunia.

"Tatu!" Vinzenz alisema, karibu aimbe.

Mezani kwetu hotelini, karibu na jiko la kuni, Vinzenz aliigiza maanguko yote matatu, glasi ya pombe ya peasi mkononi. Tulicheka hadi mbavu zikauma.

"Amekingama njiani kama ng'ombe wangu!" alisema Alfons wa maziwa, maana kiangazi kilichopita Vinzenz, akiongoza msafara wa baiskeli, alimgonga ng'ombe wa Alfons mchana kweupe.

"Ng'ombe wako naye alikuwa Mholanzi," Vinzenz akamjibu, nasi tukacheka upya.

Jelle aliinamisha kichwa, akasema, "Mzee ameshinda," kisha akachechemea hadi chumba cha viatu. Nilimdharau zaidi kwa hilo. Mwanamume gani anachekwa mbele ya mchumba wake, hata kukasirika hakasiriki?

Burgl alimfuata, unga umemjaa mikononi, uso umemwiva kwa hasira. Mimi nilikuwa nimewatangulia humo ndani, nyuma ya rafu, natafuta glavu zangu. Hawakuniona.

"Wiki nzima tumeshuka njia hiyo hiyo mimi na wewe, hujaanguka hata mara moja!" alisema. "Hata moja, Jelle! Leo ndiyo unachagua kuanguka? Miaka kumi na tisa nimesimama kwenye lile jiko. Kumi na tisa! Kama hunitaki si ungesema tu?"

"Nakutaka."

"Basi ulikuwa unafanya nini kule juu?"

Jelle alikuwa anavua kiatu, goti limevimba. Akanyoosha mkono, akasukuma mlango ukafungika. Kule nje walikuwa bado wanacheka.

"Mara zote tatu alikuwa anakwenda moja kwa moja kwenye genge, na sikuwa na njia nyingine ya kumsimamisha," alisema kwa sauti ya chini. "Kesho anapandisha wageni kumi na wawili. Burgl, baba yako ameacha kuona tangu lini?"