Kuanzia Mstari wa Kwanza

Asubuhi ambayo kamusi ilipaswa kupelekwa kiwandani, Bi Eunike alitafuta jina lake katika kompyuta. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amekusanya maneno ya wazee, na chini ya kila neno akaandika jina lake kama mkusanyaji. Sasa lilipatikana mara moja tu, katika mstari wa mwisho: "Shukrani kwa Eunike, mpiga chapa."

Alibonyeza kitufe cha kuonyesha tena amri zilizotangulia. Ikatokea moja iliyoagiza kwamba, kuanzia mstari wa kwanza hadi ule wa pili kutoka mwisho, kila "Eunike" igeuzwe kuwa "Yeremia".

Yeremia, mshirika wake, aliingia akicheka. "Dada, bado unakagua? Unatafuta chawa kwenye kipara!"

"Nani alikufundisha kuiwekea amri mipaka ya mistari?"

"Si wewe, dada?" Kicheko kikamkauka. "Wachapaji walitaka jina moja."

"Nawe ukalichagua."

Bi Eunike aliandika amri mpya, herufi kwa herufi, ili Yeremia naye aisome: kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, futa. Kisha akainuka, akamsogezea kiti.

"Kaa. Kazi si yako?"

Mwishoni mwa amri, kialama cha kuandikia kilimemeta, kikingoja kidole cha kuitekeleza.