Santuri ya Ambokile

Tangu kiwanda cha nguo kifungwe, kila jioni Ambokile alipiga santuri ileile ya roki, nyimbo nzito za vibarua waliochoka, hadi usiku wa manane. Mkewe, Sekela, aliogopa kwamba inammaliza. Siku moja akaifunga kwenye kanga, akawapelekea wenzake Ambokile wa kiwandani, waliokuwa wakicheza drafti, awaulize aifanyeje.

"Ivunje, shemeji," alisema Gwakisa. "Hayo ni matanga. Mimi niliisikiliza mara moja tu, nikashindwa kula."

"Aivunje nini!" Ipyana alimkatiza. "Mimi hiyo ndiyo iliyokuwa ikiniamsha kwenda zamu. Akiivunja, mwenzetu atabaki na nini?"

"Wewe ulikuwa unaamshwa na mkeo kwa maji," alisema Gwakisa, wakacheka.

Sekela alirudi nyumbani hajui ashike la nani. Ambokile alikuwa kwenye benchi, kando ya gramafoni; alipomwona anaifungua kanga, akanyoosha mikono. Aliipokea santuri kwa ncha za vidole, akaipuliza vumbi taratibu, kama alivyokuwa akipuliza pamba kwenye mashine yake. Kisha, santuri ikiwa bado mkononi, akasogea hadi ukingoni mwa benchi, akaacha nafasi kando yake. Sekela alibaki amesimama, hajui kama nafasi ile ni yake au ya santuri.