Majiko Ndani ya Mafuta ya Kiboko

Hamjambo nyote? Basi nyamazeni, na anayetafuna muwa aumalize kwanza.

Ndani ya mafuta ya Kiboko waliishi sisimizi. Kazi yao ilikuwa kuchochea majiko madogo yaliyompa Kiboko nguvu ya kusimama. Mkubwa wao, Bi Sisimizi, hakuwa mtu wa kuomba radhi.

Kiboko naye alipenda sukari. Alishusha miwa, asali na chai tamu mpaka sukari ikayafunika majiko. Na jiko lililoshindiliwa makaa halipumui. Majiko yakapasuka vipande vipande, moto ukafifia, Kiboko akashindwa kuinuka.

"Wavivu nyie!" akanguruma. "Nawaongezea sukari!"

"Hatuitaki," Bi Sisimizi akajibu.

Wenzake wakashtuka. "Dada, sisimizi akatae sukari? Si tutachekwa!"

"Wacheke. Moto ukizimika tutakufa, tena na midomo mitamu."

"Mnanikatalia mimi?" Kiboko akafoka. "Basi nawanyima! Hata chembe hampati!"

"Tunyime! Tuone kama utaweza!"

Kwa hasira, Kiboko akawa anakula majani matupu. Huku ndani sisimizi wakachoma sukari iliyobaki, wakazoa majivu, wakayakandika majiko upya. Moto ukashika. Asubuhi moja Kiboko akasimama mwenyewe.

"Mmeona?" akatamba. "Njaa imewatia adabu!"

"Imetutia kwelikweli, mzee," alisema Bi Sisimizi, huku akichochea. "Na kesho utuadhibu tena."

Haya, naenda, nimeacha uji jikoni. Nikishaunywa nitarudi, na sukari yenu kaeni nayo.