Meli ya Papa Rendall

"Gonga!" Papa Rendall alifoka. "Nimesema gonga!"

Chibalonza akaigonga runinga ubavuni kwa kiganja, kama alivyofanya jana na juzi. Picha haikuwa na kasoro yoyote. Mzee akazidi kukasirika, akarusha kikombe cha chai. Kilimkosa Chibalonza kidogo tu, kikapasuka ukutani.

"Siyo hapo, mwanamke! Meli! Gonga meli!"

Chibalonza akainama kuokota vigae, huku akimeza matusi ya kwao Bukavu. Kila siku, saa nne asubuhi, filamu ilikuwa ile ile ya vita vya zamani huko Uskoti. Bahari ya kijivu, manowari imetia nanga, mfalme anapanda ngazi. Mabaharia wamejipanga sitahani chini ya mizinga minene kama mapipa, wanavua kofia na kumshangilia mara tatu. Na kila siku mzee huyu wa miaka tisini na sita, mzaliwa wa huko huko, alitaka agongewe meli iliyo ndani ya kioo. Wakubwa wa kazini walisema akili imekwenda. Chibalonza alisema ni roho mbaya tu.

Ila hasira yake kubwa haikuwa ya mzee. Ilikuwa ya barakoa. Korona ilishaingia ghorofa ya pili ya nyumba ile ya kulea wazee, na wao wahudumu walipewa barakoa moja kwa zamu nzima. Moja! Ikilowa jasho, unavaa hivyo hivyo. Emerance, aliyekuwa akimhudumia Papa Rendall pamoja naye, alikuwa amelazwa hospitali ya Campbelltown na mpira wa oksijeni puani. Na mtaani kwao Mount Druitt, kwenye nyumba ya vyumba viwili, Chibalonza alikuwa na mama yake mwenye pumu. Kila akirudi kazini alivua nguo mlangoni, akaoga kabla hata ya kusalimia, akala chakula chake peke yake kibarazani. Hasira hasara, watu husema. Yeye hasara alishaiona ikimnyemelea mama yake.

"Leo zinakuja," Nahimana alimwambia kwenye korido. Nahimana alikuwa Mrundi wa jikoni, na habari zote za nyumba ile zilianzia kwake. "Chairman mwenyewe analeta. Maboksi na maboksi! Watashuti video, iende live."

"Miezi mbili tuko tunalia, leo ndiyo banatukumbuka? Juu ya camera?"

"Heri kawia ufike, dada."

Saa nane mchana wafanyakazi wakapangwa mstari mmoja ukumbini. Wakaambiwa wasimame wima, wapige makofi mara tatu mwenyekiti wa kampuni akiingia. Wazee wakasukumwa na viti vyao hadi ukutani. Mbele yalikuwepo maboksi makubwa yaliyopandana hadi kimo cha mtu, kila moja lina picha ya barakoa na namba: elfu mbili.

Mwenyekiti alikuwa mzee mwembamba mwenye suti ya bluu. Akavua barakoa yake mpya ili sura ionekane vizuri, akahutubia juu ya mashujaa wa mstari wa mbele. Chibalonza akasaga meno. Shujaa gani huyo anayenyimwa kipande cha kitambaa? Kisha mwenyekiti akachukua boksi la juu kwa mkono mmoja, wa pili akiwapungia watazamaji, akaita jina la Chibalonza akiliharibu kama walivyoliharibu wote.

Hapo, ukweli usemwe, moyo ulimlainika. Zimefika! Alimfikiria mama yake, na meza moja ya chakula. Akakunja magoti kidogo, akanyoosha mikono yote miwili, akalipokea. Kwao zawadi hupokewa hivyo, tena haifunguliwi mbele ya aliyetoa. Ukiifungua umemtukana, umeonyesha humwamini. Meneja aliuona utaratibu huo siku ya Krismasi, akausifu sana. Leo, kati ya wafanyakazi arobaini, alimchagua yeye.

"Gonga!"

Sauti ya Papa Rendall ilipasua ukumbi. Meneja akacheka kwa ajili ya kamera. Wamsamehe, alisema, mzee ana filamu yake ya meli. Chibalonza akageuka, damu ikimchemka.

"Papa, tafadhali! Hata leo?"

Lakini mzee hakuwa akifoka tena. Alikuwa analia.

"Kaka yangu yumo kwenye mstari ule wa mabaharia," alisema. "Mama alikwenda sinema mara tano, amwone akimshangilia mfalme. Watu walipiga makofi. Tazameni meli yetu, tazameni mizinga! Ilikuwa mbao, binti yangu. Mbao na turubai, juu wakapaka rangi ya kijivu. Chambo cha ndege za adui. Ndege zilipokuja, hakuwa na hata mzinga mmoja wa kujibu."

Mwenyekiti aliendelea kutabasamu. Meneja alimfanyia mpiga picha ishara ya kuzima, lakini mpiga picha alikuwa akimtazama Chibalonza.

Chibalonza aliliangalia boksi. Akalihamishia mkono mmoja, na mkono mmoja ulitosha. Wa pili akaukunja ngumi, akagonga, mbele ya aliyetoa.

Likalia kama ngoma, tupu ndani.